Bastola Isiyokuwemo

Ndugu msomaji, naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana mhakiki anayewachapa wenzake tu bila kujigusa hastahili kupewa ukurasa.

Kikundi chetu cha wanafunzi kinatengeneza picha fupi ya kijasusi, dakika 18 tu, hapa hapa Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyeandika hadithi. Na kwa kuwa kwetu kila mtu anabeba mizigo miwili, nikapewa pia kazi ya kupanga mwanzo, yaani yale majina yanayopita kwenye skrini kabla mambo hayajaanza. Nikaidharau. Majina si majina tu, bwana?

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa huu: duara jeupe linatembea gizani. Steringi anatokea kulia, anatembea, anageuka ghafla, anafyatua. Damu inashuka kwenye skrini. Muziki juu! Kijana wetu wa kompyuta akakesha siku kumi akilichora duara hilo, na kusema kweli alilichora vizuri. Siku tuliyolitazama tulipiga kelele kama tumo kwenye kibanda cha video.

Aliyenyamaza ni dada mmoja tu, yule anayecheza nafasi ya mhusika mkuu. Akaniuliza taratibu, "Kaka, hivi mimi bastola naishika onyesho la ngapi?"

Nikafungua mswada wangu mwenyewe. Kurasa 21, na bastola hakuna hata moja. Mhusika wetu ni karani wa kawaida katika ofisi ya mizigo. Mchana anagonga mihuri, jioni anabaki nyuma na kurudufu nyaraka ambazo si zake. Silaha yake ni moja, kwamba hakuna anayemtazama mara mbili. Sasa ile bastola ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye picha ya watu wengine. Duara lile lilibuniwa na Maurice Binder, Mmarekani aliyefanya kazi zake London, kwa ajili ya Dr. No, picha ya kwanza ya James Bond katika mfululizo ule, mwaka 1962. Binder alipiga picha kupitia ndani ya mtutu halisi wa bastola, akitumia kamera yenye tundu dogo kama la sindano ili michirizo ya ndani ya mtutu ionekane sawasawa. Na yule anayegeuka na kufyatua, katika picha tatu za mwanzo, wala si Sean Connery. Ni Bob Simmons, mchezaji wa zile shughuli za hatari. Connery mwenyewe alipigwa kwa ajili ya duara ilipofika Thunderball, mwaka 1965.

Wengi tunalikumbuka duara lile kwa mbwembwe zake. Lakini hebu jiulize, pale mtazamaji amekaa wapi? Amekaa ndani ya mtutu. Macho yake ni macho ya adui, naye ndiye anayepigwa risasi. Kwa sekunde chache ameambiwa kwamba yeyote atakayemlenga mtu huyu atakuwa amechelewa. Ni ahadi, na Bond anailipa kila mara, maana siku zote anawahi. Sisi tuliichukua ahadi hiyo hiyo kwa hadithi ya karani asiyewahi kumlenga mtu. Ni mkopo ambao picha yetu isingeweza kuulipa.

Nilipozinduka nikakimbilia upande wa pili. Nikaitazama tena North by Northwest ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1959, ambayo majina yake ya mwanzo yalitengenezwa na Saul Bass. Skrini ni ya kijani. Mistari inaingia na kukatana, majina yanapanda na kushuka kama lifti. Mara ile mistari inageuka kuwa madirisha ya ghorofa refu la New York, na kwenye vioo unaona magari yakipita. Halafu watu, watu, watu. Mwisho Hitchcock mwenyewe anakimbilia basi na mlango unafungwa mbele ya pua yake. Jasusi humwoni kabisa. Lakini hadithi inamhusu mfanyabiashara wa matangazo anayedhaniwa kuwa jasusi fulani, na jasusi huyo hayupo duniani. Mji unaopanga watu kwenye mistari na kuwameza umekwisha kukuambia jambo hilo kabla mtu hajafungua mdomo.

Basi mimi, kwa ujuzi wangu wa nusu, nikasema: tupige maghorofa ya vioo ya Posta! Nikawa nataka kurudia kosa lile lile kwa nguo nyingine. Karani wetu hajapotea mjini. Yuko kwenye chumba kimoja na watu sita wanaomjua jina, na bado hawamwoni. Maghorofa yangekuwa mazuri, lakini yangekuwa ya hadithi nyingine.

Iliyotuokoa ni The Ipcress File ya mwaka 1965, iliyoongozwa na Sidney Furie. Ajabu ni kwamba imepikwa na wapishi wa jiko la Bond wenyewe: Harry Saltzman ni mmoja wa watayarishaji wa Bond, John Barry ametunga muziki wa huku na huku, na Ken Adam amejenga mandhari za huku na huku. Lakini tazama majina yanavyopita. Saa inalia. Michael Caine, anayecheza Harry Palmer, anaamka. Bila miwani haoni, nasi tunaona ukungu kama yeye. Anavaa miwani, dunia inakaa sawa. Anasaga kahawa. Anaitengeneza bila haraka. Jamaa ni mpelelezi, na tunachoonyeshwa ni kifungua kinywa!

Nilipowaonyesha wenzangu, mpiga picha wetu akahesabu kwa vidole: saa ya mezani, miwani, mashine ya kusagia kahawa. Akasema, "Hivi vyote hata sisi tunaviweza." Ni kweli, lakini naomba tusidanganyike kwamba siri ni kutokuwa na fedha. Kabla ya asubuhi ile ya Palmer kuna tukio fupi ambapo mwanasayansi anatekwa safarini. Kwa hiyo tunapomtazama Palmer na kahawa yake, tayari tuna swali tumboni. Ule utulivu unasimama kwa sababu umetanguliwa na hofu. Ukiuondoa utekaji ule, unabaki na mtu anayetengeneza kahawa, basi.

Hapo ndipo mpango wetu ulipozaliwa, nami nauweka hapa mezani ili mpate cha kuponda. Kwanza, sekunde 20 bila majina. Simu inalia ofisini. Bosi anasikiliza, anaiweka chini, anauliza, "Nani alibaki hapa jana jioni?" Wote wanatazamana. Hakuna anayemtazama yeye.

Kisha majina, kwa dakika moja kamili. Tunaona mikono tu na meza. Muhuri unashuka, na pale ulipogonga linabaki jina. Unashuka tena, jina jingine. Mlio wa muhuri ndio ngoma yetu, kwa hiyo tumeamua kurekodi sauti kwanza na kupiga picha baadaye, tukiifuata. Kila jina linakaa kiasi cha mtu kulisoma mara mbili bila kukimbizwa. Katikati ya karatasi zile, moja inapita mara mbili. Mwenye jicho ataiona. Asiye nalo ataikumbuka dakika ya 14. Jina la mwisho linagongwa juu ya karatasi hiyo, mikono inaikunja na kuisukuma chini ya hotipoti. Basi, hadithi inaanza.

Kijana wetu wa kompyuta hakufurahi. Wiki nzima hakuonekana kijiweni, na mimi simlaumu. Siku kumi za usingizi wake zilikwenda na maji kwa sababu mimi, mwandishi, sikuisoma hadithi yangu mwenyewe. Aliporudi alisema wazi, "Nani atakaa kutazama mihuri? Watu wanatazama kwenye simu, wakichoka wanaruka." Hoja yake ina uzito. Mpango wa awali ulikuwa na dakika moja na sekunde 45, na ni yeye aliyetulazimisha kuukata hadi dakika moja. Amekubali kuyachora majina. Lakini bado anaamini duara lingevuta watu wengi zaidi, na huenda akawa sahihi. Mimi nasema tu kwamba wangevutwa waje kutazama picha ambayo hatukuitengeneza.

Sasa nawageukia ninyi mnaoandika. Wengi wetu tulijifunza kusoma usiku kwa sababu ya Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mlio wa risasi umo kwenye damu yetu. Ndiyo maana miswada mingi inayosomwa kijiweni inaanza na mlio, au gari linalokimbizwa, au maiti ya mrembo, halafu kuanzia ukurasa wa tatu ni hadithi ya kijana aliyekosa ada. Ile hadithi ya ada ndiyo yako! Hiyo ndiyo unayoijua, hiyo ndiyo ungeweza kuilipa mpaka mwisho. Umeiwekea bastola mlangoni kwa sababu uliiona haya.

Mimi pia niliionea haya hadithi ya karani wangu. Nilidhani muhuri hautishi. Sasa kila nikisikia ofisini mtu anagonga karatasi, pah, pah, pah, nageuka kumtazama.

Jumamosi tunapiga picha. Kamera ni ya kuazima na tunayo kwa siku moja tu. Mwenye hoja bora kuhusu ule mpango na aniletee kabla ya hapo, akiwa na maneno makali au matamu, yote nitayapokea.