Shemeji Jukwaani: Mzaha wa Arusi Kitale na Bungoma

Uhakiki wa sanaa za maonyesho nchini Kenya umezoea kumtafuta mchekeshaji redioni na katika televisheni: Vioja Mahakamani, Vitimbi, na baadaye Churchill Show. Ni nadra kumfuata hadi uwanja wa arusi. Kwa kweli, mshereheshaji hafungishi ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na hakuna hata moja inayomhitaji. Hata hivyo, padri akishamaliza yake, mshereheshaji ndiye aamuaye nani aseme na kwa muda gani (na anayeliona hili kuwa dogo hajapata kumkatiza hotuba mjomba wa bibi arusi).

Mamlaka hayo hayakuanza na kipaza sauti. Miongoni mwa Waluhya, Babukusu wakiwemo, mulamwa ni shemeji, mtu anayeruhusiwa kutania. Mkwe, hasa mama mkwe, huheshimiwa kwa kuepukwa. Mulamwa hukaribiwa kwa dhihaka. Mzaha huo una mipaka inayojulikana, na mwenye kutaniwa ana haki ya kujibu. Mshereheshaji hodari huazima nafasi ya mulamwa kwa muda wa alasiri moja, akawa shemeji wa pande zote mbili. Akimkejeli bwana arusi kwa uchache wa ng'ombe, wakwe hucheka neno ambalo wao wenyewe wasingethubutu kulitamka.

Bungoma, ambako hadhira kubwa husikia Lubukusu, dokezo moja kuhusu ukoo latosha. Kitale hali ni nyingine. Mji huo ulikulia katika mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru wa 1963 wakulima wa makabila mengi walihamia huko. Hapo msanii hulazimika kutania kwa Kiswahili, na fumbo la ukoo hupotea njiani. Badala yake hushika lafudhi, akaiga matamshi ya kila upande. Kwa upande wa fani, hii ni hasara: lafudhi huchekesha upesi lakini haibebi kumbukumbu ya ukoo.

David Oyando, mchekeshaji aliyetoka Kitale na aliyesomea uuguzi, alijitwalia jina la Mulamwah. Uteuzi huo ulikuwa wa busara, kwani jina lenyewe huomba ruhusa ya kutania kabla mzaha haujaanza. Lakini hadhira ya mitandaoni haikuoana na mtu yeyote wa kwao. Mwaka 2020 aliyachoma moto hadharani mavazi yake ya maonyesho na kutangaza kuacha uchekeshaji, akilalamikia matusi aliyorushiwa mitandaoni. Wengi walikiona kitendo hicho kuwa udhaifu wa mtu mmoja. Tafsiri hiyo haitoshi. Aliitwa shemeji na watu wasiofungwa na masharti ya ushemeji: hawakuwa na mzee wa kuwanyamazisha, wala wao hawakutarajia kutaniwa.

Baadaye alirudi kwa jina lilelile. Arusini, mzaha ukivuka mpaka, mzee mmoja husimama, husema neno, na chakula huandaliwa.