Joseph, Rosie na Ufundi wa Gary Schmidt

Joseph hajafika bado, na afisa ustawi wa jamii ameshawaonya wenyeji wake, familia ya wakulima itakayomlea huko Maine, Marekani. Kijana huyu havai nguo ya rangi ya chungwa. Hataki mtu asimame nyuma yake, wala amguse. Haingii katika vyumba vidogo. Na pichi za kopo hali.

Hivyo ndivyo Gary D. Schmidt anavyofungua Orbiting Jupiter, riwaya ya vijana iliyotoka mwaka 2015. Mwandishi mwenye pupa angetumia kurasa nzima kusimulia yaliyompata Joseph kizuizini, alikokuwa kabla ya kuletwa hapo. Schmidt anataja pichi za kopo na kusonga mbele, msomaji akabaki anajiuliza ni mezani kwa nani mtoto alikolishwa kitu hadi akaapa asikione tena.

Joseph ana miaka 14. Alikaribia kumuua mwalimu, na ana binti, Jupiter, ambaye hajawahi kumtia machoni. Habari nzito namna hii ingeweza kuivunja riwaya fupi. Haivunji, kwa sababu msimulizi ni Jack, mtoto wa nyumba hiyo, mwenye miaka 12. Jack hachambui nafsi ya mtu. Anaangalia, na anahesabu: hapa Joseph alitabasamu, au tuseme alikaribia. Hesabu hiyo ya kitoto inabeba mzigo ambao hotuba ya mtu mzima ingeudondosha. Watoto wa shule wanapomsema Joseph, Jack hatoi mawaidha juu ya undugu. Anaacha basi na kutembea naye kwenye baridi.

Kisha kuna Rosie, ng'ombe.

Joseph anapelekwa bandani kukamua, kazi asiyoijua. Jack anamwonyesha jinsi ya kushika chuchu na kuvuta. Yeyote aliyewahi kuchutama na ndoo kando ya kiwele alfajiri anajua kwamba ng'ombe akiingiwa na hofu hubana maziwa, na mkono wa papara haumpati kitu. Schmidt anaujua ukweli huo wa zizini na anautegemea. Rosie anamkubali Joseph, na kijana asiyetaka kuguswa anajikuta yeye ndiye anayegusa, asubuhi na jioni, kwa sababu maziwa hayangoji. Neno “kukubaliwa” halina kazi hapo. Huu ni uandishi wa hali ya juu, na wanaoandikia vijana kwa Kiswahili wangefaidika kuusoma polepole, hasa pale hamu ya kuhubiri inapowapanda.

Katika kusimulia watoto wanaolelewa kwenye nyumba za wengine, Schmidt ana watangulizi. Mwaka 1978 Katherine Paterson alichapisha The Great Gilly Hopkins, baada ya yeye na mumewe kuwapokea kwa muda watoto wawili kutoka Kambodia. Gilly ana miaka 11, amehamishwa nyumba moja hadi nyingine, na tunapokutana naye garini anabandika bazoka chini ya mkono wa mlango, imnate atakayeushika. Paterson hamwombei huruma. Anamwacha awe mkali, mwerevu, mwizi hata, hadi mama mlezi wake, Maime Trotter, anapomzidi kwa subira.

Ujasiri mkubwa wa Paterson uko kwenye barua. Gilly anamwandikia mama yake mzazi, akiisingizia nyumba ya Trotter ili atolewe upesi. Siku zinapita, anaizoea nyumba, anamfundisha kusoma mtoto mwenzake anayelelewa hapo, na anapoanza kutamani kubaki, barua inafanya kazi yake: bibi yake, ambaye hakuwahi kumwona, anakuja kumdai. Mwandishi mwoga angetafuta njia ya kuifuta barua hiyo. Paterson aliiacha, na riwaya yake ilishinda Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1979, Gilly akiwa kwa bibi yake, si kwa Trotter.