Mche wa Chai Hukaguliwa Kuanzia Mizizi

Mvua za Machi zinapokaribia, wakulima wa Litein, Kapkatet na Mogogosiek huanza kuzunguka vitalu vya nyumbani wakitafuta miche ya chai. Wengi huchagua mche mrefu wenye majani mengi ya kijani. Hapo ndipo wanapopotea. Urefu hupatikana upesi kwa kivuli kingi na mbolea ya kusukuma, na mche uliosukumwa hivyo huanguka katika kiangazi cha kwanza shambani. Kwa nafasi ya futi 4 kwa 2.5, ekari moja humeza zaidi ya miche 4,300, na shina moja la chai huweza kuchumwa kwa miongo mingi. Kericho bado yapo mashina yaliyopandwa enzi za ukoloni. Anayekosea kuchagua mche leo anawarithisha wanawe kosa hilo.

Chai ya mwanzo hapa ilipandwa kwa mbegu, na kila mbegu huzaa shina lenye tabia zake. Kipandikizi ni kitu kingine. Jani moja na kipande cha pingili hutoa shina linalofanana kabisa na mama yake, kwa uzuri na kwa ubaya. Kwa hiyo swali la kwanza kitaluni ni kuhusu mama. Shina mama halichumwi. Hupogolewa, kisha huachwa miezi sita hivi likirusha fito ndefu. Ukiambiwa vipandikizi vimetoka kwenye shamba linalochumwa kila wiki, jua kwamba fito zake zilikuwa fupi na zimechoka, na macho yake mengi ya kuchipulia yamelala. Jicho lililolala huweza kutoa mizizi na bado likakaa muda mrefu bila kuchipua.

Katika ufito mmoja, sehemu inayofaa ni ya katikati tu. Ncha ni laini, huoza. Kitako kimekuwa cha kahawia na kigumu, na hutoa mizizi kwa shida. Katikati, pale ambapo ngozi ni ya kijani lakini haipindiki kirahisi, ndipo kisu hupita. Mkato wa juu huwa wa mshazari, juu kidogo ya jicho, ukifuata mwelekeo wa jani. Mkato wa chini huacha sentimita tatu au nne za pingili. Tazama mikato hiyo kwa makini, kwa maana inasema mengi kuhusu mkono wa fundi. Mkato safi hung'aa. Ule uliosagwa na kisu butu huwa na nyuzi, na kuvu huingilia hapo. Kipandikizi chenye vitumba vya maua ambavyo fundi hakuvitoa ni dalili nyingine ya uzembe.

Lakini ubora wa kitalu hasa umo kwenye udongo, na hapa wauzaji wengi hupita njia ya mkato. Chai hutaka udongo wenye asidi. Kipandikizi hutaka zaidi ya hapo: udongo wa chini, mwekundu, usio na rutuba, uliochimbwa baada ya kuondoa tabaka jeusi la juu. Mkulima mgeni hushangaa. Amezoea kuupa mmea chakula tangu siku ya kwanza. Kumbe kidonda cha kipandikizi kinapokutana na udongo wenye samadi, hukutana pia na kuvu na minyoo ya mizizi kabla hakijapona. Ndiyo maana tyubu nzuri ya nailoni ya kuoteshea huwa na matabaka mawili: chini udongo wa juu uliochanganywa na mbolea ya fosfeti, ambao mizizi itaukuta ikishakomaa, na juu, kwa kina cha sentimita saba hivi, udongo mwekundu mtupu.

Udongo wa kuepukwa kabisa ni ule wa boma la zamani la ng'ombe au wa mahali palipokuwa na nyumba. Majivu ya miaka mingi ya mekoni hupunguza asidi ya ardhi. Hata katika shamba kubwa lililostawi utaona kiraka cha chai ya manjano iliyodumaa, na mzee wa jirani atakuambia nani aliishi pale. Kipandikizi kilichowekwa kwenye udongo kama huo hufanya jambo la kudanganya macho: hubaki kijani, na chini yake huota nundu kubwa nyeupe isiyotoa mzizi hata mmoja.

Udongo mweusi wa bondeni nao haufai, ingawa vitalu vingi viko huko kwa sababu ya maji. Hushika maji, hugandamana, na kitako cha kipandikizi hugeuka cheusi. Kitalu kikae karibu na kijito, udongo uletwe kutoka mlimani.

Baada ya kupandwa, vipandikizi hufunikwa kwa hema la nailoni chini ya kivuli, nalo hufungwa kwa takriban miezi mitatu. Ukifika kitaluni na kuona matone ya maji yametanda upande wa ndani wa nailoni, mwenye kitalu anajua kazi yake. Hema kavu ni hatari, na hema linalofunguliwa kila siku kuonyesha wageni ni hatari vilevile. Kagua pia uimara wa fremu, maana mvua ya mawe ya Kericho inajulikana.

Kuhusu aina, usijidai kuitambua kwa jani. Kituo cha utafiti wa chai kilichoko Timbilil kimetoa aina nyingi: TRFK 6/8 inayosifiwa kwa ubora wa kikombe, TRFK 31/8 inayopendwa kwa mavuno, na TRFK 306 ya zambarau iliyotolewa mwaka 2011. Hiyo ya mwisho hujitambulisha kwa rangi ya majani machanga. Nyingine zinahitaji kumbukumbu za kitalu. Hata hivyo jicho lako lina uwezo mmoja mkubwa: linaweza kugundua mchanganyiko. Miche ya mama mmoja hufanana kwa rangi, umbo la jani na jinsi jani linavyosimama. Chuchumaa uangalie tuta lote kwa usawa wa majani. Ukiona sura tatu, unauziwa koo tatu.

Mche uliokomaa huwa na umri wa miezi tisa hadi kumi na miwili, shina la unene wa penseli, na majani yenye rangi nzito, magumu kidogo mkononi. Majani laini yenye rangi hafifu yanaonyesha kwamba nailoni iliondolewa juzi na mche haujazoea jua. Mizizi iliyotoboa tyubu na kushika ardhi itakatika siku ya kubebwa.

Hatimaye, omba tyubu moja, uichague mwenyewe katikati ya tuta, uipasue kwa wembe. Unatafuta mizizi mingi myeupe, inayotoka pande zote za kitako na kushuka hadi kwenye udongo wa chini. Mizizi ya upande mmoja tu, iliyojikunja au ya kahawia, haifai. Lipia tyubu hiyo hata kama hununui nyingine. Muuzaji akikukataza kuipasua, nenda kitalu kingine.