Gumba na shahada

Ukiusikia wimbo "Masanga" bila kuambiwa kitu, utaapa kwamba wapigaji ni wawili. Mmoja anaitembeza besi taratibu, mwingine anarusha sauti nyembamba juu yake, akiingia pale mwenzake anapovuta pumzi. Kumbe ni mtu mmoja na gita moja kavu, tena katika mkono wake wa kulia vinavyofanya kazi ni vidole viwili tu.

Huyo ni Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya. Ukisimama Kakanda, mji wa migodi kusini mwa Kongo, Bunkeya iko kaskazini-mashariki, na Likasi iko upande wa kusini-mashariki, yanakoelekea malori ya madini. Enzi hizo Likasi iliitwa Jadotville, na huko ndiko Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alikomrekodi mwaka 1952. Migodi ilikuwa imekusanya Wasanga, Waluba, Wabemba na watu wa Kasai, wakaelewana kwa Kiswahili. Kwa hiyo nyimbo za Bosco zilipofika Nairobi hazikuhitaji mkalimani.

Lakini mimi huvutiwa na mkono kuliko historia. Mpigaji wa mtindo huu akikaa kitini, usimtazame usoni. Tazama gumba. Linashuka juu ya uzi mnene, linarudi, linashuka tena, halina haraka, wala halibaki kwenye besi peke yake: mara linavuka hadi nyuzi za katikati, linaokota sauti moja na kurudi zamu yake kabla hujagundua kwamba lilitoka. Shahada inavuta uzi mwembamba kwa juu, na karibu kila mara inaangukia katikati ya mapigo mawili ya gumba. Shingoni kuna penseli iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baisikeli, kubana nyuzi zote ili gita lipande hadi kwenye sauti ya mwimbaji. Pembeni rafiki anagonga chupa ya soda. Basi, bendi imekamilika.

David Rycroft, mtaalamu wa muziki, aliandika makala mbili, 1961 na 1962, akichambua gita la Bosco noti kwa noti. Sishangai kwamba moja haikutosha. Kinachomtesa mwandishi wa noti ni kwamba mzunguko haurudi ulivyokuwa. Kila mara kuna sauti iliyochelewa kidogo au iliyoachwa kabisa.

Mimi naona mizizi ya mtindo huu iko kwenye likembe, ala ndogo ya vibao vya chuma, ambako magumba mawili hupokezana na wimbo huzaliwa kati yao. Huko Lithuania kuna nyimbo za kale, sutartinės, zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2010, ambamo waimbaji hugawana sauti na kuziacha zigongane makusudi. Wao huhitaji koo mbili au zaidi. Bosco alijigawa mwenyewe.

Anayetaka kujifunza huanza na gumba peke yake, uzi mmoja, mpaka aweze kumsalimia mpita njia na kumuuliza habari za nyumbani huku besi ikiendelea bila kuyumba. Shahada itasubiri. Vijana wengi huishia hapo, na siwalaumu: kinanda cha studio kinatoa besi kwa kubonyeza kitufe, na harusi ni Jumamosi.