Hodi Mbele ya Geti

Wanafunzi hutuuliza mara kwa mara, na walimu wao nao hawaachi kuuliza, kama ni kweli kwamba watu wakaao katika mitaa ya wenye nacho ni watu wa kujitenga na wenye kuwadharau watokao nje. Swali hili si jipya. Liliulizwa Tanganyika kabla ya Uhuru kuhusu Wazungu. Likaulizwa tena baada ya Uhuru kuhusu wale waliopachikwa jina la manaizi, yaani waliorithi vyeo na nyumba za Wazungu wakati wa naizesheni. Na leo linaulizwa Iringa kuhusu Gangilonga na Wilolesi, na Mbeya kuhusu Uzunguni na Forest. Fasihi yetu imelijibu kwa neno moja tangu zamani: ndiyo. Katika makala haya tunakusudia kulikagua jibu hilo, maana twaliona kuwa ni kama jibu sahihi lililoandikwa chini ya hesabu iliyokosewa. Mwalimu makini hawezi kulipa alama zote.

Kwa miaka kadhaa tumepata heshima ya kualikwa kuamua mashindano ya ngonjera na michezo ya kuigiza ya shule za sekondari za Nyanda za Juu Kusini. Twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba tumekwisha kumwona tajiri wa mtaa wa wakubwa akipanda jukwaani si chini ya mara ishirini. Huwa amefunga mto tumboni ndani ya koti, na mkononi ana fimbo asiyoihitaji. Huja maskini kuomba maji ya kunywa. Tajiri humwita mshamba, humfukuza kwa matusi, pengine humfungulia mbwa. Kabla ya mchezo kwisha tajiri hufilisika au hufa. Watazamaji hucheka sana. Jambo lililotushangaza ni kwamba miongoni mwa wachekao kwa sauti kubwa kuliko wote ni wazazi waliotoka Gangilonga na Forest kwa magari yao, wakaja kuwatazama watoto wao. Hawacheki kwa unafiki. Wanacheka kwa sababu hawajamwona jukwaani mtu wanayemfahamu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumtukana mtu aliyeomba maji.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya sanaa ya namna hii: badala ya kumshitaki mtu, humwachia huru. Bwanyenye mwenye tumbo kubwa alikuwa na kazi yake katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati Taifa lilipohitaji sura ya kumwonyesha mnyonyaji ni nani. Wakati umepita, lakini kinyago kimebaki, na kila kizazi cha wanafunzi hukipokea kutoka kwa kizazi kilichotangulia bila kwenda Gangilonga kutazama.

Na tutazame basi. Mji wa Iringa umechukua jina lake katika neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, makao makuu ya Mtwa Mkwawa, nayo ilianguka mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mwaka 1896 Wajerumani wakaanzisha mji mpya juu ya kilima, na jina la ngome likahamia huko pamoja nao. Gangilonga nayo maana yake ni jiwe lisemalo. Jiwe hilo lingalipo mlimani juu ya mtaa, na husimuliwa kwamba Mkwawa alipata hapo habari za kuja kwa adui. Chini ya jiwe hilo ndipo walipojengewa maofisa wa Kizungu. Mbeya, mji uliokua katika miaka ya 1920 na 1930 pamoja na dhahabu ya Lupa, ulipata Uzunguni wake na Uhindini wake, kama ilivyokuwa miji mingine ya Tanganyika. Utawala wa Kiingereza haukulazimika kutaja rangi ya mtu kila mara. Ulitosha kutaja ukubwa wa kiwanja na aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa juu yake, na rangi zikajipanga zenyewe.

Uhuru ulifungua milango mingi. Ubaguzi wa rangi katika shule ulifutwa mwanzoni mwa mwaka 1962, na pale Iringa, shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu ikaja kuwa Sekondari ya Mkwawa, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Lakini katika mitaa Mzungu aliondoka, kiambishi cha -ni kikabaki. Tuliendelea kusema Uzunguni, na kwa upande wa pili Uswahilini, na neno hili la pili tunalitumia mpaka leo kwa maana ya mahali pa kelele, fujo na uchafu. Mtu akichelewa au akivunja ahadi, tunasema ana mambo ya Kiswahili. Taifa lililoifanya lugha ya Kiswahili kuwa fahari yake limegeuza jina hilo hilo kuwa tusi, na tusi hilo halitoki Gangilonga peke yake; tumelisikia Mlandege na Mwanjelwa likisemwa na wakazi wa huko huko juu ya jirani zao. (Hapa tungependa kugusia jambo dogo: katika Mbeya, mitaa ya watu wa kawaida inaitwa Ghana na Soweto, lakini mtaa wa wakubwa umeridhika na neno la Kiingereza lenye maana ya msitu.)

Hata hivyo, kwa muda mrefu nyumba hizo hazikuwa na kuta. Sisi tulioanza kazi serikalini katika miaka ya 1990 tunazikumbuka zilivyokuwa: ua wa michongoma, njia ya kokoto, veranda. Zilikuwa nyumba za Serikali. Leo unakaa wewe, kesho unahamishiwa Sumbawanga. Mtu hajengi ukuta kwa nyumba ya kupita. Kuanzia mwaka 2002 Serikali ilipoanza kuwauzia watumishi wake nyumba hizo, mambo yakabadilika. Aliyekuwa mpangaji akawa mwenye mali, na mwenye mali akaita fundi. Kuta zikapanda, mageti ya chuma yakasimikwa, vigae vya chupa vikapangwa juu ya saruji. Hatusemi kwamba mioyo ilibadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama mgeni.

Katika desturi yetu mgeni husimama penye kizingiti na kusema hodi. Hodi si kugonga mlango. Anayesema hodi hujitambulisha kwa sauti yake kabla hajaonekana uso, na mwenye nyumba hujibu karibu kabla hajajua ni nani aliyekuja wala ana haja gani. Sisi tulio katika kazi ya mashairi twaweza kusema kwamba huo ni utungo mfupi kuliko wote katika lugha yetu, na kituo chake lazima kitolewe na mtu mwingine. Geti limeupindua utungo huo. Kwanza hugongwa kwa jiwe au sarafu, kwa kuwa sauti ya mtu haipenyi chuma wala haifiki nyumba ilipo. Kisha hutoka swali: nani? Kisha: una shida gani? Kisha: ngoja. Karibu, ikija, huja mwisho wa yote. Mwanafunzi azingatie lile swali la pili. Mtu aliyekuja kusalimu tu hana la kujibu, maana ameulizwa shida, naye hana shida.

Wako watakaosema kwamba huku ni kutukuza mambo ya kale. Basi na tuutazame mfano wa Rungwe. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walivyoondoka nyumbani kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakienda kula kwa kundi nyumbani kwa mama wa mmoja wao, kesho kwa mama wa mwingine. Walipooa, kijiji kilibaki chao. Jirani hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mtu wa rika. Raha ya kukaa pamoja hivyo iliitwa ukwangala, na mtu aliyechinja akala peke yake aliogopa pumzi ya majirani, yaani manung'uniko yao, ambayo iliaminiwa kuwa yaweza kumtia baridi na maradhi. Lakini watu hao hao, kama walivyoeleza waandishi hao, walimhamisha kijijini mtu aliyeshukiwa uchawi. Na Wahehe walizungushia Kalenga ukuta wa mawe. Kwa hiyo hatuwezi kuwafundisha vijana kwamba kufungia nje ni kasumba iliyoletwa na meli. Ukuta wa Kalenga, hata hivyo, ulijengwa dhidi ya adui aliyejulikana jina, naye alikuja kweli na mizinga.

Je, ukuta wa Gangilonga umejengwa dhidi ya nani? Wenye nyumba hujibu: dhidi ya wezi. Jibu hilo tusilicheke. Wezi wapo, na mjane aliyeingiliwa usiku hana wajibu wa kututungia ukwangala. Wala si kweli kwamba watu wa mitaa hiyo hawana utu. Ukipatwa na msiba utawaona wakija, na michango yao ni mizito. Tena mitaa ya chini nayo ina chuki zake: humwita kila mwenye gari Mzungu mweusi, na huamini kuwa nyumba yenye vigae imejengwa kwa fedha za wizi, bila kuuliza. Balozi wa nyumba kumi mmoja alitueleza kwamba akipita Mlandege huchoka kwa kuketishwa kila nyumba, na akipita Gangilonga huchoka kwa kusimama. Alisema hayo akicheka, bila uchungu.

Lakini katika hesabu hii tumemsahau mtu mmoja, naye ndiye anayetuonyesha ukweli kuliko wote. Ni yule anayefungua geti. Shafi Adam Shafi, katika riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, alilifahamu jambo hili: hakumwonyesha bwana kutoka barabarani, alimwonyesha kutoka jikoni, kwa maisha ya Kijakazi, mtumishi anayempenda bwana asiyemhesabu kuwa mtu. Ndiyo maana kitabu hicho hakichekeshi. Waandishi wetu wa Nyanda za Juu wangepaswa kuwa wa kwanza kufuata njia hiyo, kwani huko Dar es Salaam jina la Iringa limeunganishwa na watumishi wa nyumbani kiasi kwamba msichana akisema ametoka Iringa, huulizwa anataka mshahara kiasi gani. Wasichana wa Kilolo na Mufindi wanazijua sebule za Masaki kuliko wahakiki wanavyozijua. Na hapa kwetu nao wamo, nyuma ya kila geti. Huitwa dada, neno la heshima, nalo hutumika mpaka jina lake halisi linasahaulika. Huyu ndiye aliyekabidhiwa kutuwekea mipaka. Maneno "una shida gani?" hutoka kinywani mwa binti wa mkulima, na mara nyingi anayeulizwa ni mkulima. Mwenye nyumba hayupo. Yuko kazini, au yuko ndani anatazama taarifa ya habari. Mikono yake ni safi, na ndiyo maana ukumbini anaweza kucheka.

Hatusemi haya kwa kusimulia ya watu. Tunakaa katika mojawapo ya nyumba hizo, na ukuta tulijenga. Miaka michache iliyopita, wakati wa masika, mjomba wetu, kaka wa mama yetu mzazi, alitoka kijijini Kilolo bila kutoa taarifa, kama alivyofanya maisha yake yote. Alileta debe la maharage na kidumu cha ulanzi. Alisimama mbele ya geti letu akasema hodi mara tatu, kwa sauti, kwa kuwa yeye hakuona sababu ya kupiga chuma kwa jiwe. Kisha akaita "Kamwene!" Msichana wetu alimsikia. Tulikuwa tumemwagiza asimfungulie mtu asiyemjua, naye hakumjua. Alimwambia kwa adabu kwamba wenyewe hawapo. Mjomba akauliza kama anaweza kungoja ndani, mvua ilikuwa inaanza. Msichana akasema ameambiwa asifungue.

Mjomba alilala Mlandege kwa mtu wa kijijini kwao. Maharage aliyaacha chini ya geti, yakanyeshewa. Ulanzi hakuuacha, kwa sababu ulanzi hauwezi kungoja. Waliunywa huko huko usiku ule, na tulisikia baadaye kwamba ulikuwa mtamu. Tulipokwenda kumwomba radhi hakutulaumu, na alimtetea msichana kuliko sisi tulivyomtetea. Alisema kwamba mtoto ametii, na utii ni jambo jema.

Tangu siku ile hajafika kwetu. Akija mjini huteremka kwenye gari, hutembea mpaka Mlandege, kisha hutupigia simu. "Shikamoo, mjomba," tunamwambia. "Marahaba, mpwa wangu," hujibu. "Mimi nimekwisha fika. Ukipata nafasi, njoo unisalimu." Nasi huenda. Pale anapofikia hapana geti, na tunaposema hodi hujibiwa kabla hatujamaliza.