Kisonjo na Deni la Jibu

Kisonjo cha Digodigo ni Kibantu kilichozungukwa na Wamaasai. Kuitambua asili yake kulihitaji elimu mbili. Derek Nurse, ajulikanaye pwani kwa utafiti wake wa historia ya Kiswahili, alikuwa mjuzi wa Kibantu. Franz Rottland alibobea katika lugha za Kiniloti. Makala yao ya pamoja, ya 1991/1992, yaliuweka udugu wa Kisonjo kwa lugha za Kenya ya kati, kama Kikuyu na Kikamba. Ubora wake umo humo: mjuzi wa ukoo alimhitaji mjuzi wa majirani. Ila jibu limeandikwa kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili ambacho watoto wa Digodigo husomeshwa skuli. Aliyeombwa neno naye ana haki ya jibu.