Lisemwalo Lipo? Uhakiki wa Methali Moja

Katika mitihani ya Kiswahili, mwanafunzi aghalabu huulizwa maana ya methali isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Naye hujibu kama alivyofundishwa, kwamba uvumi hauanzi bure, akapewa alama zake. Mimi naona methali hii haijahakikiwa vya kutosha. Hebu tuutazame muundo wake. Sehemu ya kwanza yadai kuwa neno lililosemwa ni la kweli. Ya pili yasema kwamba hata kama si la kweli, litakuwa. Hapo hapana mlango wa kutokea. Hakimu akimwambia mshtakiwa, "Umeiba, na kama hukuiba utaiba," ni nani atakayesalimika?

Nayaandika haya Isikizya, wilayani Uyui, katika nchi ya Unyamwezi. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na habari zilisafiri pamoja na pembe za ndovu na vitambaa, mdomo kwa mdomo. Habari moja ya zama hizo yatosha kuipima methali yetu.

Mwezi Desemba 1866, watu wa Nzwani waliokuwa katika msafara wa David Livingstone walifika Unguja, kiongozi wao akiitwa Musa. Walisema kwamba bwana wao ameuawa kwa shoka karibu na Ziwa Nyasa, na kwamba waliouawafanyia hayo ni Mazitu. Simulizi ya Musa ilikuwa na kila kitu ambacho fasihi simulizi hukitaka: mahali, silaha, maadui, hata maziko. Wengi waliiamini. Mwaka 1867 Waingereza walimtuma Edward Young akaulize huko huko Nyasa. Wenyeji walimweleza habari za Mzungu aliyepita salama, tena mbali kupita pale alipodaiwa kufia. Musa na wenzake walikuwa wametoroka, nao walitaka ujira wao.

Basi je, lisemwalo lilikuwapo? Jambo lilikuwapo, lakini si lile lililosemwa. Nadhani hii ndiyo tafsiri pekee inayoweza kuiokoa methali: kila uvumi una chanzo, na kazi ya msikilizaji ni kukitafuta chanzo hicho. Mtetezi wa tafsiri ya zamani atasema, "Lakini Livingstone alikufa!" Naam, alikufa mwaka 1873, kwa maradhi, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Neno "laja" halina tarehe, na kwa hiyo haliwezi kushindwa kamwe. Hata mimi nikizushiwa kifo leo, mzushi atashinda siku moja.

Safari hiyo ya pili habari ilikuja kwa namna nyingine. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wenyewe. Oktoba 1873 barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright, mmoja wao, ilitangulia kufika Unyanyembe mikononi mwa Chuma, ikapokewa na Luteni Cameron. Cameron aliwashauri wauzike mwili papo hapo. Wakakataa, wakaendelea hadi pwani. Mwezi Aprili 1874 daktari mmoja jijini London aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma. Wapagazi hao wanatajwa shuleni kwa uaminifu wao tu. Ningependa watajwe pia kwa kuleta habari pamoja na ushahidi wake.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya kale. Katika mikoa yetu ya magharibi na ya Ziwa wameuawa vikongwe kwa kutajwa tu kuwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni kwa miaka yote waliyotupikia. Hakuna aliyeuliza chanzo. Na siku hizi simu ya mkononi huleta neno kutoka Dar es Salaam hadi hapa kabla maji ya ugali hayajachemka.

Wala siwanyoshei wengine kidole. Miaka michache iliyopita ujumbe uliingia ofisini kwetu kwamba mwalimu mmoja mstaafu, aliyenifundisha kuhesabu mizani, amefariki. Usiku ule ule nilitunga shairi la tanzia, beti kumi na mbili, nikalisambaza kabla ya alfajiri. Watu walilisifu. Ilikuwa na kasoro moja tu kazi hiyo: marehemu alikuwa shambani kwake akipalilia karanga. Mkewe alikuwa amekwisha kupokea wageni wa msiba watatu. Nilipokwenda kuomba radhi, mzee alinikaribisha kiti, akalitoa shairi mfukoni, akalisoma hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akaniomba kalamu, akasahihisha kina kimoja katika ubeti wa tatu, akanirudishia.